Kompyuta ya Gemu na Hewa ya Konza

Leo nazungumza na kijana anayeweka akiba ajiundie kompyuta ya gemu, na nazungumza pia na mzazi ambaye ameshaombwa achangie. Mazungumzo yetu yako Konza, kwenye nyanda iliyo kando ya barabara ya Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, ukishaipita njia panda ya kwenda Machakos.

Wazee wanaijua Konza kama stesheni, pale reli ya Magadi inapoachana na reli ya zamani ya Mombasa. Vijana wanaijua kama jiji la teknolojia, lile ambalo Rais Mwai Kibaki alilizindulia ujenzi Januari 2013 kwenye ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili. Siku hizi pana Kituo cha Taifa cha Data, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa hapo hapo Agosti 2023. Lakini mimi leo nimeifuata Konza kwa sababu ya hewa yake. Pale ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kiangazi kina vumbi lisilokwisha, na mchana nyumba ya mabati isiyo na silingi huwa tanuri. Kijana wa Malili au wa Machakos mjini anatazama video ya mtu anayeunda kompyuta kwenye chumba chenye kiyoyozi, karibu na usawa wa bahari, asikojua vumbi ni nini. Kisha anaagiza kasha lile lile, feni zile zile na taa zile zile. Miezi michache baadaye mashine inavuma kama posho mili na gemu linakwama.

Msimamo wangu ni huu, na nausema mapema: kasha, upozaji na pawa saplai vichaguliwe kwanza, tena kwa kuangalia mahali unapoishi. Kadi ya picha ifuate. Vijana wengi wanaanzia kwenye kadi, pesa inaishia hapo, halafu kasha linanunuliwa kwa chenji iliyobaki.

Tuanze na hewa yenyewe. Feni ya kompyuta husukuma ujazo wa hewa. Ikizunguka kwa kasi fulani, itapitisha karibu ujazo ule ule iwe Mombasa au Konza. Ila joto halibebwi na ujazo, linabebwa na uzito wa hiyo hewa, na hewa ya Konza ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pale ina uzito pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na ya pwani. Wanariadha wetu huenda Iten kufanya mazoezi kwa sababu hiyo hiyo: kila pumzi ya huko ina kidogo ndani yake. Kwa hesabu ya makadirio, kipoza ambacho Mombasa kingeiacha prosesa nyuzi 45 juu ya joto la chumba, Konza kitaiacha nyuzi 48 hadi 50 juu ya chumba.

Usiogope. Konza ina baridi yake, na asubuhi ya Julai chumba kinaweza kuwa nyuzi kumi na kitu tu, wakati Mombasa hakuna saa ya namna hiyo mwaka mzima. Kwa hiyo asubuhi na usiku unafidiwa. Taabu ni saa nane mchana mwezi wa Februari, chini ya mabati, na huo ndio wakati kijana yuko nyumbani anacheza. Ukipima mashine yako, ipime saa hiyo.

Wahandisi wa vituo vya data wanalijua jambo hili vizuri. Chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, ASHRAE, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa vifaa vya kawaida vya vituo hivyo kimeweka kanuni kwamba ukishavuka mita 900 juu ya bahari, kikomo cha juu kabisa cha joto kinachoruhusiwa kipunguzwe nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Konza hiyo ni zaidi ya nyuzi mbili. Ikiwa wenye seva za mamilioni ya dola wanaiweka hesabu hiyo kwenye michoro yao, basi wewe wa chumbani una sababu zaidi ya kuiweka.

Kwa nini nyuzi mbili tatu ziwe habari? Kwa sababu prosesa haingoji iungue. Ikifika kikomo chake cha joto, inajipunguzia kasi yenyewe ijiokoe. Prosesa za AMD za Ryzen 7000, zilizotoka 2022, zimeundwa zifanye kazi hadi nyuzi 95, na zikiguswa na kikomo hicho zinarudi nyuma. Kwenye gemu la kupigana kama Tekken, picha 60 hupita kila sekunde, kila moja ikikaa milisekunde 17 hivi. Mchezaji wa kweli anategemea mpigo huo usiyumbe. Sylvia Gathoni, ambaye dunia ya Tekken inamjua kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018, na mashindano ya kiwango chake huamuliwa na picha moja au mbili. Mashine inayochemka haikupi taarifa kwamba imepunguza kasi. Wewe unaona tu umepigwa ngumi uliyokuwa umeshaikinga.

Sasa tuje kwenye vumbi, na hapa nataka tukae kidogo. Nenda kwa fundi yeyote wa kompyuta Machakos mjini mwezi wa Septemba, kabla mvua za vuli hazijafika, umwombe akufungulie mashine iliyoletwa kwa ugonjwa wa kuzimika. Anaondoa skrubu mbili, anavuta ubavu wa kasha. Feni ya prosesa unaiona safi kiasi, unadhani hakuna tatizo. Fundi anaitoa ile feni. Chini yake, kati ya feni na mapezi ya alumini, kuna zulia la kijivu, nene kama blanketi la mtoto, limeshonana na nywele na nyuzi za nguo. Unaweza kulibandua kwa kucha likatoka kipande kizima. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haikuwa inapita hata kidogo. Gundi ya kupitisha joto, ile inayokaa kati ya prosesa na kipoza, nayo imekauka imekuwa unga. Fundi akisafisha na kupaka gundi mpya, mashine inarudi uhai.

Kwa hiyo kasha la Konza lina masharti yake. La kwanza, uso wa mbele uwe wa wavu. Makasha yenye kioo mbele yanapendeza kwenye picha, taa zinaonekana, lakini hewa inaingilia kwenye upenyo wa pembeni upana wa kidole. Kioo cha ubavuni hakina shida, ubavuni hakuna hewa inayopita. Kioo cha mbele ndicho ninachokukataza. Nyuma ya wavu kuwe na chujio linalotoka kwa mkono bila bisibisi, kwa sababu chujio linalohitaji bisibisi halisafishwi na mtu.

La pili, feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kuliko za kutoa. Weka tatu za milimita 120 mbele, au mbili za 140, na moja nyuma ya kutoa. Ukiingiza kuliko unavyotoa, hewa ya ziada inatafuta njia ya kutokea kwenye kila upenyo, na vumbi halipati pa kupenya isipokuwa kwenye chujio. Ukigeuza hesabu hiyo, kasha linanyonya vumbi kupitia kila tundu, hadi tundu la waya wa vipokea sauti.

Kisha ling'oe kasha sakafuni. Pawa saplai nyingi siku hizi hukaa chini ya kasha na kuvuta hewa kwa tumbo, na zulia la sebuleni ni adui yake. Stuli fupi inatosha. Wakati wa kiangazi safisha chujio kila mwezi, na ukipuliza ndani kwa bloa ishike feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu za nje beringi zake zinaharibika. Usikimbilie kompresa ya kujazia matairi: ile inatema maji pamoja na hewa.

Wenzetu wa Mombasa na Lamu wana jambo lao jingine, chumvi na unyevu, na kutu kwenye skrubu na soketi. Vumbi lao ni dogo kuliko letu. Nao nitawatafutia siku yao.

Kuhusu makasha kuna kisa ambacho kila mnunuzi akijue. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya NZXT ilitoa kasha dogo zuri sana lililoitwa H1. Ikagundulika kwamba skrubu zinazoshikilia ubao unaopitisha umeme wa kadi ya picha zinaweza kugusana na njia ya umeme na kuwasha moto, na Februari 2021 makasha hayo yalirudishwa kwa tangazo rasmi la usalama wa watumiaji nchini Marekani. Kasha linaweza kuchoma nyumba, ndugu zangu. Ukiona dogo sana, lililobanana, waya zimekunjwa kama utumbo, jiulize hewa inapita wapi. Kwa hali yetu kasha la ukubwa wa kati ndilo ninalolipendekeza, hata kama halipendezi mezani.

Naulizwa sana kuhusu upozaji wa maji. Kasha lina rejeta, bomba mbili na pampu, na linaonekana kama gari la mashindano. Maji hayafuti hewa nyepesi ya Konza, maana rejeta ile bado inapozwa na feni zile zile, kwa hewa ile ile, kupitia mapezi yanayoziba kwa vumbi lile lile. Umeongeza pampu itakayochoka na maji yatakayopungua polepole miaka ikipita, na mara nyingi huwezi kuyaongeza. Kipoza cha hewa, chenye bomba za shaba na feni mbili, kikifa kimekufa feni moja, unaibadilisha kwa bei ya chakula cha mchana. Thermalright ya Taiwan inauza vipoza viwili-mnara vya bei ya wastani vinavyotosha prosesa nyingi za gemu, na Noctua ya Austria, ambayo ni ghali, huwapa wenye vipoza vyake vya zamani vishikizo vya soketi mpya bila malipo. Angalia urefu tu: vipoza vya aina hii huwa na milimita 155 au zaidi, na makasha mengine membamba hayafungiki. Nenda dukani na rula.

Tuje kwenye umeme. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani usiku. Hayo ni makubwa yanayotangazwa. Yanayoua kompyuta zetu ni madogo, umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo mara tatu kwa dakika tano. Pawa saplai ndiyo mlinzi wa kwanza, na ndipo penye ulaghai mkubwa. Chukua kiboksi kilichoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Geuza ubavu, tafuta jedwali dogo, soma mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi ya picha hula kwenye mstari huo. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12, unapata wati 216. Hiyo ndiyo nguvu uliyonunua. Nyingine zina swichi nyekundu nyuma, ya volti 115 na 230. Ikiwa imesimama kwenye 115 na ukachomeka kwenye soketi ya Kenya, utasikia mlio mmoja tu. Tafuta yenye cheti cha 80 Plus, mpango ulioanza 2004, ingawa cheti hicho kinapima jinsi isivyopoteza umeme, hakipimi uimara wake, kwa hiyo tazama na jina la kampuni na muda wa waranti. UPS nayo isomwe kwa wati. Ya 650 VA mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390, na hiyo kazi yake ni kukupa dakika za kuzima vizuri, si kumaliza mechi.

Mzazi, hapa ni pako. Mashine inayovuta wati 450, ikichezwa saa nne kwa siku, inakula yuniti 54 kwa mwezi. Inayovuta wati 200 inakula 24. Tangu Aprili 2023 bei nafuu kabisa ya umeme wa nyumbani imewekewa kikomo cha yuniti 30 kwa mwezi. Mashine ya kwanza peke yake inaitoa nyumba nzima kwenye daraja hilo, kabla hujawasha taa. Tena kila wati iliyoingia hutoka kama joto. Wati 450 chini ya mabati mwezi wa Februari ni jiko dogo lililowashwa chumbani mwa mtoto.

Ndiyo maana nasema kadi ya picha ichaguliwe kwa wati. RTX 5090 iliyotoka Januari 2025 imepewa kiwango cha wati 575. Hiyo siyo ya Konza, na kwa maoni yangu siyo ya nyumba yoyote inayonunua tokeni. RTX 4060 ya 2023 ni wati 115. RX 6600 ya 2021 ni 132. Kwa skrini ya kawaida hizo zinacheza karibu kila kitu, na kipoza cha wastani kinazimudu. Upande wa prosesa, Ryzen 5 5600 ya 2022 ina kiwango cha wati 65 na inakaa kwenye ubao mama wa soketi ya AM4 ambayo vipuri vyake vimejaa sokoni.

Wengi hawajiundii kuanzia mwanzo. Wananunua kompyuta ya ofisi ya ex-UK pale Moi Avenue au Luthuli Avenue, Nairobi, kisha wanaongeza kadi. Ni njia halali na naiunga mkono, ila ujue mipaka. Zile Dell OptiPlex nyembamba zinakubali kadi fupi tu, pawa saplai zake ni za umbo la Dell na hazibadilishwi na ya dukani, na soketi ya kadi inatoa wati 75 basi. Ndani ya mpaka huo kuna RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, yenye wati 70. Pata ile fupi. Usibebe kadi ya wati 170 ukadhani fundi atafanya muujiza.

Kwenye mtumba kuna mitego. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha Septemba 2022, kadi zilizofanya kazi usiku na mchana zilimwagika sokoni duniani kote. Nyingi si mbovu, ila feni na gundi zake zimechoka. Ukiuziwa RX 580 kwa bei ya kutupa, tazama kama imeandikwa 2048SP: hiyo kwa ndani ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Na prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa, zilizopata hitilafu ya volti iliyokiriwa na kampuni mwaka 2024, usizinunue zikiwa zimetumika bila kujua kama programu ya ubao mama ilisasishwa mapema, maana sasisho linazuia madhara, halirudishi kilichoharibika.

Jambo moja linaloiunganisha Konza ya seva na Konza ya chumbani ni kumbukumbu za ramu. Vituo vya data vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi kiasi kwamba Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza inaacha kuwauzia watu wa kawaida kumbukumbu za jina la Crucial. Bei zimepanda. Kama una ramu nzuri kwenye mashine ya zamani, na ubao mpya unaikubali, usiitupe wala usiiuze kwa haraka.

Basi kijana wangu, ukifika dukani muuzaji atakuuliza unataka taa za rangi gani. Mwombe kwanza afunge kifuniko cha kasha, aanzishe gemu zito, na mashine ikae hivyo nusu saa huku nyuzi za joto za prosesa na kadi zikionekana kwenye skrini. Zisome mwenyewe, uzipige picha kwa simu, ndipo utoe pesa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka, nenda duka la pili.